Mashine Iliyonguruma Bure

Skola mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo uani unacheka na mdogo wako huku mnafunga begi mlilokwisha kulifungua mara nne. Wala sikuandikii habari za chandarua, nauli, au kuchemsha maji ya kunywa. Hayo umeyasikia toka Jumapili, mpaka umeanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza kusema. Nakuandikia lile moja ambalo mdomo wangu umelikataa kwa miaka kumi.

Kwanza gunia. Leo umeniuliza mara tatu kuna nini ndani ya lile gunia zito nililolishona mwenyewe kwa kamba ya katani na kuliegemeza nyuma ya mlango. Nimekujibu kuwa ni mzigo wa mjomba wako, nikageuka. Nikakuona unakunja uso. Vizuri. Mashaka hayo hukuyaokota barabarani, umeyanyonya kwangu. Kilichomo nitakwambia, ila mwisho, kwa sababu nikikitaja sasa hutaelewa kwa nini kinaondoka nyumbani kwangu.

Unajua mama yako ni mtu wa namna gani. Mtu akiniamkia vizuri kupita kawaida, najiuliza anataka nini. Nikinunua kilo ya sukari sokoni Mpanda, nikifika nyumbani naipima tena. Baba yako, Mungu amlaze pema, alikuwa anasema nikifika mbinguni nitamtaka Mtakatifu Petro aonyeshe kitambulisho kabla sijaingia. Tulicheka sana. Basi alipofariki akaniachia nyie wawili na mashine ya kukoboa mpunga pale Kakese, na ghafla kila mtu akawa na ushauri. Shemeji zangu walitaka iuzwe. Jirani alitaka tushirikiane. Mwanamke mjane mwenye injini ya dizeli hakosi marafiki, na mimi nikaona wote wanakuja kunila. Pengine wengine walikuja kwa hilo kweli, sijui mpaka leo.

Ndiyo nikamwita Deusi, mdogo wangu wa mwisho, aje aniendeshee mashine. Utakuwa unamkumbuka kidogo, ulikuwa darasa la nne, alikuwa anakubeba juu ya magunia na kukuita bosi. Nilijisemea huyu tumenyonya ziwa moja, mtu wa damu yangu hawezi kuniibia. Hata hivyo kila jioni nilikuwa natazama mifuko ya suruali yake ilivyokaa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kosa lilipozaliwa. Umeme ulikuwa bado haujafika upande wetu, na mashine zilikuwa mbili, yetu na ile ya ng'ambo ya barabara. Mtu anatoka shambani na gunia la mpunga kwenye baiskeli, hatazami kibao. Anasikiliza. Mashine inayolia ndiyo nzima. Iliyonyamaza imeharibika, au mwenyewe hayupo, anapitiliza. Nikatoa amri: injini ikishawashwa asubuhi haizimwi mpaka jioni, mteja awepo asiwepo. Ingurume tu, watu wasikie. Na mwenzangu wa ng'ambo naye alikuwa anafanya hivyohivyo, tunashindana kulia kutwa nzima, nyumba mbili tupu zinapigiana kelele. Nilijiona mjanja kweli.

Hazikupita wiki nyingi Deusi akaja na rimu kuukuu ya gurudumu la lori, ameiokota gereji huko mjini na kuisukuma juu ya baiskeli mpaka Kakese. Akaiweka chini, akafuta jasho, akaniambia, "Dada, tunachoma mafuta kuita watu. Tuzime. Magunia yakifika matano nitagonga hii, kama kengele ya shule, wenye mpunga wasikie, ndipo niwashe."

Nikamwangalia. Nikajiuliza huyu anataka nini. Injini ikizimwa na kuwashwa, ikizimwa na kuwashwa, nani atajua kwa siku imefanya kazi saa ngapi? Hapohapo ndipo mwizi anapopata mahali pa kujificha. Nikamjibu kwamba rimu yake aiweke kando, yeye kazi yake ni kukoboa, sikumwita kuja kunifundisha. Akaisukumia kwenye majani nyuma ya nyumba.

Skola, ile injini ilikuwa ya kupiga hendeli. Kuiwasha mara moja tu, mwanaume mzima analowa jasho mgongoni. Mdogo wangu alikuwa ananiomba aipige mara tano, mara sita kwa siku, ili dizeli yangu isiishe. Mwizi gani anaomba kuongezewa kazi? Swali hilo lilinijia baadaye sana, wakati halina tena faida kwa mtu.

Kwa sababu dizeli kweli ilikuwa inakwisha. Dumu nililonunua Jumatatu, Jumatano linalia tupu. Nikachonga kijiti, nikawa jioni Deusi akishaondoka nakichovya ndani ya dumu, naweka alama kwa kisu. Nilipima ile dizeli kama mtu anayeuguza mtoto anavyopima homa. Alama zikashuka na kushuka. Siku moja nikalikuta shati lake limeanikwa, nikalinusa, likanuka dizeli. Nikasema, leo nimempata. Sasa niambie wewe, shati la mwendesha mashine linuke nini, manukato?

Nilimfukuza siku yenye foleni, makusudi, ili watu wajue mashine ina mwenyewe. Nilishika kijiti changu mkononi nikasoma alama zangu mbele ya wateja. Yeye alisimama na pumba nyeupe mpaka kwenye nyusi. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono kwenye injini akasema, "Dada, sijachukua hata tone. Mwizi wako unamsikia hapo, analia toka asubuhi."

Nikaona ananikejeli. Nikasema kwa nguvu, watu wote wasikie, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wakatikisa vichwa kunihurumia. Yule mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akaniambia pole mama, ndugu ndivyo walivyo.

Lingeishia hapo ningeweza kulimeza. Lakini Deusi wakati ule alikuwa ameposa, binti wa watu wa hapohapo Kakese, mambo yamefika pazuri. Wazee wa binti wakanijia mimi, dada yake, kuuliza habari za kijana wetu. Ningeweza kuwaambia ni mdogo wangu, namfahamu, mpeni. Ningeweza hata kunyamaza. Niliwaambia wamuulize yeye mwenyewe dizeli ilikuwa inakwenda wapi. Wakashukuru kwa uji, wakaondoka, na posa ikakataliwa. Wiki ileile Deusi akapanda gari la Karema, kule ziwani. Wewe ulilia siku mbili, na mimi nikakwambia mjomba amekwenda kutafuta maisha. Mengine uliyasikia kwa watoto wenzako, kwamba mjomba wako ni mwizi, ukaja kuniuliza, nikakutuma maji.

Sasa fungua macho usome hapa polepole.

Nikaajiri mwendesha mashine mwingine, mtu mzima, mlokole, mtu wa kufunga na kuomba. Dizeli ikaisha Jumatano. Nikamwondoa naye. Nikasema sasa naendesha mwenyewe. Nikalifunga dumu kwa kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari, nikamlipa kijana wa jirani aje asubuhi apige hendeli tu na kuondoka. Toka Jumatatu hakuna aliyeligusa lile dumu ila mimi. Jumatano jioni nikachovya kijiti. Kikatoka kikavu. Nikachovya tena. Mwanangu, nilikishuku kijiti. Nilikigeuza huku na huku nikidhani kuna mtu amekikata.

Kesho yake nikanunua dumu jingine, na alasiri hapakuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia matupu, injini inanguruma, paa linatetemeka, na ndani ya nyumba nzima ni mimi na kuku wawili. Ndipo nikamsikia. Mwizi wako unamsikia hapo, analia toka asubuhi. Nikainuka nikazima. Kilishuka kimya ambacho nilikuwa sijakisikia mahali pale toka baba yako afariki, nikasikia mpaka kuku wanavyochakura. Nikakaa chini nikalia. Na nikwambie ukweli wote, sikumlilia Deusi kwanza. Nililia kwa aibu, kwamba mimi nisiyeibiwa hata punje ya sukari nilikuwa najiibia mwenyewe kwa amri yangu.

Nikazunguka nyuma nikaifukua ile rimu kwenye majani. Nikaitundika kwenye nguzo. Siku ya kwanza niliogopa, nikasema wote watahamia ng'ambo. Hawakuhama. Walijifunza upesi tu, rimu ikilia wanaleta magunia kwa pamoja, wanapiga soga wakingoja, injini inafanya kazi mfululizo halafu inapumzika. Dumu likafika Jumamosi. Halafu watu wakaanza kunisifu. Kikundi chetu cha akina mama kikaniomba nisimame niwaeleze nilivyobuni, maana kila mwenye kibanda alikuwa analia gharama. Nilisimama, Skola. Nikaeleza vizuri mno. Waliponiuliza wazo nililitoa wapi, nikasema Mungu alinifunulia. Wakapiga makofi, na toka siku hiyo naitwa Mama Rimu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitoka shule unakimbilia kuigonga, unajivunia akili za mama yako.

Deusi alikuwa Karema, mwendo wa siku moja tu. Sikwenda. Mwanzo nilisema msimu ukiisha. Halafu nikasema ameshasahau. Halafu nikaanza kumshuku kwa kunyamaza kwake, nikasema mbona hajitetei, labda kweli alichukua kidogo. Ona moyo unavyojitafutia mahali pa kulala.

Sijakuandikia haya ili uache mashaka. Mtu anayeanza biashara bila mashaka atafilisika kabla ya masika. Nilichojifunza, na nimekilipia, ni kwamba nilikuwa nashuku vibaya. Nilishuku kila chenye miguu, vitu vikaniibia huku nikivitazama. Baada ya siku ile ya kimya nikaanza kuishuku mashine. Nikakuta mkanda umelegea, injini inahangaika, kazi haiendi. Nikaushuku mpunga, nikakuta ule unaoletwa na unyevu ndio unaovunjika chenga na kumnunisha mteja, nikawatandikia turubai wauanike kwanza. Nikayashuku magunia, nikakuta panya wameyatoboa matatu na mchele unatuchuruzika njia nzima kila tukibeba. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonuna nilipokishuku, wala posa ya mtu haikuvunjika. Ukifika huko, jambo likipungua, anza na moto, na chombo, na amri yako mwenyewe. Mtu awe wa mwisho kabisa.

Hata hivyo sikupona siku moja. Unamkumbuka yule mzee Msukuma wa matofali, mwenye mkokoteni wa ng'ombe wenye pembe ndefu? Alikuja kuomba maganda ya mpunga, lile lichuguu lililokuwa nyuma ya mashine, akachomee matofali yake badala ya kukata miti. Anaomba bure, na anabeba mwenyewe. Nikamwambia hapana. Nani anaomba takataka kwa unyenyekevu vile? Nikajua kuna kitu cha thamani humo, nikakaa na lichuguu langu misimu miwili, likaoza, likanuka, mwisho nikawalipa watu walihamishe. Mzee alipopita akaniangalia akasema, "Mama, wewe una mashaka hata na takataka." Niliona aibu nikacheka. Sasa anachukua maganda yote, na ng'ombe wake wananibebea magunia bila malipo. Nilikuwa natupa kwa fedha kitu ambacho mtu alitaka kunishukuru kwacho.

Sasa tuje kwa mjomba wako.

Alipokupigia simu mwezi uliopita akitaka umsaidie kwenye kazi yake ya kukausha samaki, alipiga kwako, hakupiga kwangu. Ulifurahi ukarukaruka. Mimi sikulala vizuri. Nilijiuliza miaka yote hii, leo anamtaka mwanangu wa nini. Anataka kukugeuza dhidi yangu? Anataka uione kazi yake ili uje unidharau? Nilimtafuta yule mama anayeleta samaki wa migebuka sokoni, anayenunua Karema, nikamhoji kama polisi. Nikamuuliza Deusi anaishije, analipaje watu, anakunywa?

Akaniambia matanuri yake ni ya udongo, ameyajenga mwenyewe, na kuni anazotumia wenzake wanashangaa kwa uchache. Haruhusu moto uwake bila samaki juu. Wavuvi wakileta kidogo anawaambia subirini, wakijaa ndipo anawasha, na trei moja ikishuka nyingine iko tayari kupanda, joto lisipotee. Majivu anawapa wenye bustani, matumbo ya samaki yanakwenda kwa wenye bata. Nilikuwa namsikiliza huku nasikia sauti nyingine. Tunachoma mafuta kuita watu, dada. Tuzime. Yale maneno niliyoyatupa kwenye majani yeye aliondoka nayo, na ndiyo yanayomlisha.

Nikamuuliza la mwisho, anasemaje kuhusu mimi. Akasema hajawahi kumsikia akisema lolote, isipokuwa siku moja mtu aliuliza kama ana ndugu, akajibu ana dada yake Kakese, ana mashine nzuri. Basi. Bora angenitukana, ningejua la kufanya.

Ninachoogopa nikitaje. Siogopi kwamba atakusimulia. Naogopa kwamba hatakusimulia. Utakaa naye mwaka, miwili, utaona mwenyewe mtu alivyo, asiyegusa hata kichwa cha dagaa kisicho chake. Halafu siku moja utajiuliza kwa nini watu wa Kakese wanamwita mwizi, na utajua nani alisema kwanza. Ningependa ulijue kwangu, kwa mwandiko huu mbovu, kuliko ulijue huku nimekaa hapa naitwa Mama Rimu. Hajaoa mpaka leo, Skola. Yule binti ana watoto wanne na mume mwingine. Hilo siwezi kulirudisha na sitajidanganya.

Kwa hiyo gunia. Ndani yake ni rimu. Nimeishusha leo mchana ulipokwenda kuaga kanisani, nimeifuta kutu, nimeishona. Mpe mjomba wako mkononi. Usimwambie mama anakusalimu, atadhani ni salamu. Mwambie hivi: dada anasema dizeli haikuibiwa, na alijua toka mwaka uleule. Akikuuliza mbona hakuja mwenyewe, mwambie kweli, kwamba aliogopa, na kwamba akiitwa atakuja. Asipoipokea, iache mlangoni pake. Ni yake.

Najijua, usiniamini sana. Huenda alfajiri moyo ukanibana nikaamka kulifungua, nikasema rimu ya chuma ya nini huko ziwani, wana kazi gani nayo. Ndiyo maana barua hii nakupa sasa hivi, kabla hujalala, uisome mbele yangu. Ukimaliza lichukue hilo gunia ulale nalo miguuni, na kesho lipakie kwenye gari kwa mkono wako. Nikikwambia liache, usinisikilize.

Kesho wateja watakuja na magunia yao wangoje, na hapatalia kitu. Wataniuliza, Mama Rimu, rimu iko wapi? Yule mzee wa kwanza kwenye foleni bado yu hai, bado anakuja, na wazee wa yule binti nao wanakoboa kwangu. Nitasimama palepale niliposimama na kijiti, niwajibu kwamba imekwenda Karema, kwa mwenyewe.

Mama yako